RecursionError imekatiza kazi ya usiku kucha, sesheni ya Python bado iko wazi. Data naiokoaje?

kitongoji_mwisho

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba msaada wa haraka kidogo maana niko kwenye betri ya laptopu, umeme hakuna.

Nina jedwali la maeneo ya kiutawala, kuanzia mkoa mpaka kitongoji. Kila mstari una msimbo, jina, na msimbo wa mzazi wake: kitongoji kinaelekeza kwenye kijiji, kijiji kwenye kata, hivyo hivyo hadi juu. Nimelipakia kwenye dict (kamusi ya Python) inayoitwa `maeneo`. Kwa kila msimbo nataka vitu viwili: ukoo wake mzima hadi mkoani, na latitudo na longitudo kutoka kwenye seva moja ya ramani. Seva yenyewe inaruhusu swali moja kwa sekunde, ukizidisha inakufungia, ndiyo maana niliiacha ifanye kazi usiku, kwa bando la mfukoni mwangu.

Fanksheni ni hizi, nimeziandika moja kwa moja kwenye `>>>`:

```
def nasaba(msimbo):
    e = maeneo[msimbo]
    if e['mzazi'] is None:
        return [e['jina']]
    return nasaba(e['mzazi']) + [e['jina']]

def tengeneza(misimbo):
    majibu = {}
    for m in misimbo:
        majibu[m] = (nasaba(m), uliza_seva(m))
    return majibu
```

Kisha nikaandika `majibu = tengeneza(list(maeneo))` nikaenda kulala. Nimeamka nakuta hivi, fanksheni imejiita yenyewe kupita kikomo:

```
Traceback (most recent call last):
  File "<stdin>", line 1, in <module>
  File "<stdin>", line 4, in tengeneza
  File "<stdin>", line 5, in nasaba
  File "<stdin>", line 5, in nasaba
  File "<stdin>", line 5, in nasaba
  [Previous line repeated 995 more times]
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Tangu nione hiyo sijagusa kitu. Je, majibu ya seva yaliyokwisha kuja yamepotea? Na kuna jamaa tunafanya naye kazi anasema niweke `sys.setrecursionlimit(1000000)` nirudie, itapita. Nimsikilize? Python 3.10, Ubuntu.

---

jembe_la_mkono

Pole mkuu. Imekwenda hiyo. `majibu` iko ndani ya fanksheni, fanksheni ikifa inakufa na vyake. Funga, fungua upya, safari hii andika kwenye faili kila baada ya majibu mia. Ndiyo kazi zetu hizi.

---

Ngambo_Zenj

Usifunge! Na usiandike kitu chochote kabla hujanisoma mpaka mwisho. Data yako ipo.

Ndugu yangu jembe amesema kweli nusu. Fanksheni ikirudisha jibu lake kama kawaida, veriabo zake huondoka. Lakini hii haikurudisha kitu, imekufa kwa erori, na Python erori ikifika juu bila kushikwa huihifadhi ripoti yake yote kwenye `sys.last_traceback`. Ile ripoti si maandishi tu hayo uliyoyaona. Ndani yake mna fremu zenyewe za kila fanksheni iliyokuwa wazi wakati huo, na kila fremu imeshika veriabo zake. Fremu ya `tengeneza` imo humo, na `majibu` yako imo ndani ya fremu hiyo, yote, mpaka msimbo wa mwisho uliopita salama.

Sasa hatari iko hapa. Hiyo `sys.last_traceback` ni nafasi moja tu. Erori nyingine yoyote ikitokea kwenye `>>>`, hata ya kijinga, inakaa mahali pa ile ya kwanza, na fremu zako zinatupwa. Watu wengi kitu cha kwanza wanachofanya ni kuandika `majibu` waone kama ipo. Haipo, maana ile `=` haikufika kutekelezwa. Wanapata NameError, na hiyo NameError ndiyo inayoua data, siyo RecursionError. Ukikosea mabano ukapata SyntaxError, ni hivyo hivyo. Na wewe uliyesema hukugusa kitu, Mungu akuzidishie subira.

Andika mstari mmoja mmoja, kwa mkono, polepole:

```
import sys
ripoti = sys.last_traceback
```

Huo wa kwanza usiuruke hata kama unaamini uliwahi kuandika `import sys` jana. Ukiandika `sys.last_traceback` na `sys` haijaingizwa, unapata NameError, na kazi imekwisha. Kuingiza mara ya pili hakudhuru.

Ukishamaliza mstari wa pili, pumua. `ripoti` sasa ni jina lako mwenyewe, erori zije zisije haziifuti. Endelea:

```
f = ripoti.tb_next.tb_frame
f.f_code.co_name
```

Inatakiwa ikujibu `'tengeneza'`. Ripoti inaanza na `<module>`, yaani ule mstari ulioandika wewe, na `tb_next` ni hatua moja ndani. Ikijibu hivyo:

```
majibu = f.f_locals['majibu']
len(majibu)
f.f_locals['m']
```

Ule wa mwisho utakuambia msimbo gani umeua kazi. Uandike kwenye karatasi. Kisha kabla ya yote, kwa sababu umesema uko kwenye betri:

```
import pickle
with open('majibu.pkl', 'wb') as faili:
    pickle.dump(majibu, faili)
```

Halafu bonyeza Enter mara ya pili, mstari mtupu, vinginevyo itabaki na zile nukta tatu. Ukiwa salama rudi hapa tuzungumze habari ya huyo jamaa yako na milioni yake.

---

kitongoji_mwisho

Wallahi mkuu sijui nikulipe nini. `'tengeneza'` imetoka, `len(majibu)` imetoa 6112. Faili liko kwenye diski na nimelinakili kwenye flashi.

Msimbo ulioua ni `MT-04417`. Nimeuangalia kwenye `maeneo`, unaonekana wa kawaida kabisa: jina Majengo, mzazi `KT-0388`. Sielewi umefanyaje kuzidi kikomo. Kwa hiyo sasa niongeze kikomo au?

---

Ngambo_Zenj

Usiongeze. Hesabu nami: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Ngazi sita. Mjini unaweka mtaa badala ya kijiji, hapo zinapungua. Huku kwetu Unguja na Pemba hata hizo hatuzifikishi, ni mkoa, wilaya, shehia, basi. Kikomo cha Python ni 1000 usipokigusa. Nchi gani ina ngazi elfu moja za utawala? Fanksheni yako haikuwa inapanda, ilikuwa inazunguka. Ukiweka milioni itazunguka milioni.

Na kwa Python yako ya 3.10 haitafika hata hiyo milioni. Kile kikomo cha 1000 ni hesabu tu ambayo Python inajiwekea yenyewe: kila fanksheni ikiita nyingine inaongeza moja, ikirudi inatoa moja, ikifika mwisho inatupa RecursionError kwa adabu, fremu zinafunguka moja moja hadi juu, unarudi kwenye `>>>` na kila kitu chako kiko mahali pake. Ndiyo maana sesheni yako haikufa. Lakini chini ya hesabu hiyo kuna steki ya kweli ya mfumo, yaani kumbukumbu inayoshika kila mwito ulio wazi, na Ubuntu huipa programu megabaiti 8, andika `ulimit -s` kwenye terminali utaona 8192. Hadi 3.10 kila mwito wa fanksheni ya Python ulikuwa unakula sehemu ya steki hiyo. Ukiondoa kikomo, steki ya kweli inajaa kabla hesabu haijafika, na mfumo hauna adabu: unaiua programu papo hapo, unaandikiwa `Segmentation fault`, na hakuna `last_traceback`, hakuna `majibu`, hakuna chochote. Ungekuwa umemsikiliza kabla ya kuja hapa, hizo 6112 zingekuwa hadithi.

Toka 3.11 mambo yamebadilika, fanksheni ya Python ikiita ya Python mwenziwe haili steki ya mfumo tena, kwa hiyo mtu anaweza kupandisha kikomo na isianguke. Ila fremu zinakaa kwenye RAM, na duara ni duara.

Sasa tulitafute. Fuata wazazi kwa lupu, siyo kwa fanksheni inayojiita:

```
m = 'MT-04417'
pita = []
while m is not None and m not in pita:
    pita.append(m)
    m = maeneo[m]['mzazi']

pita, m
```

Ikiisha na `m` ikawa None, jedwali lako ni zima na mimi nimekosea. Ikiisha na msimbo, huo ndio mahali duara linapofunga.

---

kitongoji_mwisho

```
(['MT-04417', 'KT-0388'], 'MT-04417')
```

Mtaa wa Majengo mzazi wake kata ya Majengo, na kata ya Majengo mzazi wake ni… mtaa wa Majengo. Nimeelewa kilichotokea. Aliyetuandalia jedwali aliunganisha safu kwa majina, siyo kwa misimbo. Kata na mtaa vikiwa na jina moja, kompyuta imechukua iliyoikuta kwanza.

---

jembe_la_mkono

Hahaha, Majengo! Mji gani Tanzania hauna Majengo. Utakuta na Mjini, na Sokoni, na Mkuyuni. Hizo zote zichunguze, hiyo moja haiko peke yake.

Na Ngambo, heshima yako. Mimi miaka yote nafunga dirisha.

---

takwimu_kwanza

Hamjambo. Niko Nairobi, mimi ni mtu wa R (lugha ya takwimu), hii shida naipata kila mara kwenye data ya kaunti na wadi. Kwetu inaandika `evaluation nested too deeply: infinite recursion`, siku nyingine `C stack usage is too close to the limit`. Nikiandika `traceback()` napata majina ya fanksheni tu, veriabo hazimo. Kuna njia kama hii ya kuzitoa baada ya erori?

---

Ngambo_Zenj

Baada ya erori, hapana, ikiwa hukujiandaa. R haishiki fremu mpaka uiambie mapema. Mwanzoni mwa sesheni weka:

```
options(error = dump.frames)
```

Hapo erori ikitokea, fremu zote zinawekwa kwenye kitu kinachoitwa `last.dump`, na ukiandika `debugger()` unachagua fremu unayotaka kuingia, unaona veriabo zake. Ukipenda ikuulize papo hapo, weka `options(error = recover)`, ila hiyo usiitumie kwenye kazi ya usiku, utaamka uikute inakusubiri uchague namba.

Ile ya kwanza, "nested too deeply", ndiyo ndugu ya RecursionError: kikomo chake ni `expressions`, 5000 usipokigusa. Ile ya pili ni steki ya kweli ikikaribia kujaa, R imeiwahi. `Cstack_info()` itakuonyesha ukubwa wake. Usipandishe `expressions` ili kuikimbia ya kwanza, utaangukia kwenye ya pili.

Mimi tabia hii ya kutofunga dirisha niliitoa kwenye lugha ya Lisp, toleo la SBCL. Kule steki ikijaa unaandikiwa `Control stack exhausted` na dibaga (zana ya kuchunguza kosa) inafunguka ukiwa bado kule chini, fremu zote zikiwa wima, hakuna iliyofunguka. Unazungukazunguka, unaangalia, ukimaliza unachagua ABORT urudi juu. Ila kuna jambo lazima ulijue. Ili hiyo dibaga ipate pa kufanyia kazi, SBCL inaondoa kwa muda ukurasa wa ulinzi uliopo mwisho wa steki, na inakwambia usonge kwa tahadhari. Ukiijaza tena ukiwa ndani ya dibaga, programu nzima inaanguka. Ukishatoka juu unaona ujumbe kwamba ukurasa umerudishiwa ulinzi, `reprotected`, hapo ndipo uendelee. Nimeona watu wanaandika majaribio mapya wakiwa kwenye dibaga ya tatu ndani ya ya pili ndani ya ya kwanza, halafu wanailaumu Lisp.

---

bint_jupyter

Samahani kuingilia. Mimi natumia Jupyter, nimejaribu `ripoti.tb_next.tb_frame` kwenye mfano wangu, `co_name` imenipa jina nisilolijua kabisa.

---

Ngambo_Zenj

Ni sawa dada, Jupyter ina fremu zake juu ya zako. Usihesabu hatua, tafuta kwa jina:

```
t = ripoti
while t.tb_frame.f_code.co_name != 'tengeneza':
    t = t.tb_next

t.tb_frame.f_locals.keys()
```

Ukikosea jina `t` itaishia None na utapata AttributeError, lakini `ripoti` bado unayo. Au andika `%debug` tu, uko ndani ya fremu ya chini kabisa. `u` ikifuatwa na namba inapanda hatua hizo kwa mkupuo, na ukifika kwenye `tengeneza`, `p majibu` inachapisha. Kwenye `>>>` ya kawaida mwenzake ni `import pdb` kisha `pdb.pm()`. Mimi sipendi kuokoa data kwa njia hiyo kwa sababu ukichapisha dict ya maelfu inajaa skrini, lakini kwa kuangalia kosa liko wapi ni nzuri.

Ukimaliza kuokoa, `del ripoti, t`. Ukiendelea kuzishika, zinashika fremu, na fremu zinashika kila kitu kilichokuwa ndani yake. Kwenye daftari lenye jedwali kubwa utashangaa RAM imekwenda wapi.

Jingine ambalo nilisahau kumwambia mwenye mada: pickle, ile iliyomhifadhia data kwenye faili, ilimkubalia kwa sababu dict yake ni ya juu juu, listi na namba. Ungekuwa na mti wenyewe, kitu ndani ya kitu ndani ya kitu mamia ya ngazi, pickle nayo hushuka kwa kujiita, nayo ingekupa RecursionError. Huko unaugeuza kwanza uwe orodha ya jozi, mtoto na mzazi, ndiyo unahifadhi.

---

kitongoji_mwisho

Nimeandika `nasaba` upya kwa lupu:

```
def nasaba(msimbo):
    njia, pita = [], set()
    while msimbo is not None:
        if msimbo in pita:
            raise ValueError('duara: ' + msimbo)
        pita.add(msimbo)
        njia.append(maeneo[msimbo]['jina'])
        msimbo = maeneo[msimbo]['mzazi']
    return njia[::-1]
```

Sasa nataka kuendelea na iliyobaki bila kuirudia seva kwa zile 6112. Hapa ndipo sina uhakika nianzie wapi.

---

Ngambo_Zenj

Hiyo nzuri. Ila usiiache ikutane na duara saa nane za usiku. Nasaba haihitaji seva, kwa hiyo ipitishe kwanza kwa misimbo yote peke yake, ni suala la sekunde:

```
mabaya = []
for m in maeneo:
    try:
        nasaba(m)
    except ValueError:
        mabaya.append(m)
```

Usishangae orodha ikiwa ndefu kuliko maduara yenyewe. Kila kitu kilicho chini ya kata ya Majengo nacho kitakwama, hata kama chenyewe hakina kosa. Rekebisha kata, wengine watapona wenyewe.

Kisha `majibu` iwe nje ya fanksheni, iijaze kutoka nje:

```
def endelea(misimbo, majibu):
    for m in misimbo:
        if m not in majibu:
            majibu[m] = (nasaba(m), uliza_seva(m))
```

Ukiita `endelea(list(maeneo), majibu)`, ikikatika katikati kwa sababu yoyote, `majibu` unayo mkononi, unaita tena ile ile na inaanzia ilipoishia. Na lile shauri la jembe la kuandika kwenye faili kila baada ya mia, hilo lifuate pia, maana haya yote hayakusaidii betri ikiisha.

---

kitongoji_mwisho

`mabaya` imetoa 203. Nimezipanga kwa kata, chanzo ni kata 9. Majengo ni 3 kati ya hizo, wilaya tatu tofauti. Jembe, Sokoni nayo imo.

---

jembe_la_mkono

Nilikwambia.